Kona ya Dada: Kabla Hujamnyang'anya Simu, Mfungulie Mlango

Wadogo zangu wa Mwanza na nyote mlio kandokando ya ziwa, leo tuzungumze kuhusu simu na watoto wetu ambao bado hawajafika umri wa shule. Mdogo wangu mmoja wa Buhongwa ameniuliza afanyeje na mwanawe wa miaka mitatu. Mtoto hali bila katuni, halali bila katuni, na akinyang'anywa simu hujitupa chini hadi majirani wanachungulia. Mama anashinda mjini kwenye biashara, mtoto anabaki na dada wa kazi, geti limefungwa. Nimemjibu, lakini swali lake ni la wengi, kwa hiyo majibu nayaleta hapa.

Kwanza nikutue mzigo. Mtoto huyo si mtukutu, na wewe si mama mbaya. Simu imeingia mikononi mwa mtoto kwa sababu inatusaidia. Unapika, jiko la mkaa liko chini, mafuta ya kukaangia sato yanachemka, na mtoto ananing'inia kwenye kanga yako. Ukimpa simu, anakaa. Kwa hiyo tusianze na tabia ya mtoto, tuanze na ratiba yetu. Angalia kwa siku mbili tatu: anapewa simu saa ngapi, na nani, kwa sababu gani? Utakuta ni nyakati zilezile: anapokula, unapopika, unapohudumia wateja, na kabla ya kulala. Kila wakati kati ya hizo unahitaji kitu cha kushika nafasi ya simu. Ukiiondoa bila kuweka kitu, kilio kitakushinda na utairudisha.

Vipimo vipo. Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili asiwekwe kabisa mbele ya simu au televisheni. Kuanzia miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kuanzia mwaka mmoja mtoto anahitaji dakika 180 za kuuchezesha mwili kwa siku, na akifika miaka mitatu, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuhema hasa. Usiogope hizo saa tatu. Si za mfululizo: nusu saa asubuhi, kidogo kabla ya chakula, nyingi jioni, na zinatimia.

Sasa tuzichukue zile nyakati za simu moja moja.

Chakula. Hii picha unaijua: simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, macho ya mtoto hayabanduki, mdomo uko wazi, kijiko kinaingia na kutoka. Ukizima, mdomo unafungwa. Mtoto huyu hajui kama anakula dagaa au mchicha, wala hajui kama ameshiba. Tandika mkeka, zimeni televisheni, kaeni wote. Mpe sahani yake yenye chakula kidogo na umwache amege tonge mwenyewe hata kama nusu itaishia kifuani. Vidole vinavyomega na kufinyanga ugali leo ndivyo vitakavyoshika penseli kesho. Siku za mwanzo atakula kidogo. Vumilia, mtoto mwenye afya akisikia njaa atakula.

Mapishi. Mpe kazi. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuchambua majani ya mchicha, kuhamisha viazi kimoja kimoja kutoka kwenye kapu hadi kwenye beseni, au kupeleka vikombe vya plastiki mezani. Chora mstari kwa chaki mbali na jiko, umwambie huo ndio mpaka wake, na kazi yake iwe upande ule. Utachelewa kidogo kuivisha, lakini atakuwa anainama, anainuka, anatembea, na wewe unamtajia majina ya vitu naye anakujibu. Lugha ya mtoto hukua kwa kujibiwa. Katuni inasema naye saa nzima bila kumsikiliza.

Dukani au gengeni. Weka boksi tupu, chupa za maji zilizokwisha na mpira wa soksi. Azipange chupa, azilenge, azipange tena. Na wewe wa soko la Mwaloni Kirumba unayeshinda na mtoto mgongoni, mwongozo uleule unasema asifungwe zaidi ya saa moja mfululizo. Mshushe, anyooshe miguu mahali ambapo jicho lako linamwona, kisha umbebe tena.

Usiku. Simu ipumzike saa moja kabla ya mtoto kulala. Mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Mwogeshe, mpe hadithi ya sungura na fisi, na kama kuna bibi nyumbani, mwachie bibi asimulie kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita. Hazina hiyo haiuzwi kwa bando.

Nje sasa. Najua nyumba nyingi ni za kupanga, uani ni padogo, na barabarani bodaboda hazina breki kwa mtoto. Lakini Mwanza tumejaliwa mawe na vilima ambavyo wenzetu wa miji mingine hawana. Mshike mkono mpande jiwe fupi, mtafute yule mjusi wa mawe mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu. Wanasayansi wamempa jina la mji wetu, Agama mwanzae. Mtoto atamfuata kwa macho, atachuchumaa, atakimbia, na hutasikia habari ya katuni. Jioni kusanyeni watoto wa nyumba mbili tatu wacheze kombolela, rede, simama-kaa, na mama mmoja awe zamuni. Mvua ikinyesha, sukumeni viti pembeni, wekeni muziki, mcheze ngoma. Wasukuma wa bugobogobo hucheza na jembe mkononi, mtoto wako acheze na mwiko. Na mkipata nafasi siku ya mapumziko, pandeni boti kwenda kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, mtoto atembee kwa miguu yake.

Lakini nisikilizeni vizuri hapa: ziwa si uwanja wa michezo. Mtoto mdogo huzama kimyakimya, kwa muda mfupi tu ambao umegeuka kumjibu mtu. Na maji ya pwani yetu yana kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi, kwa hiyo hata kuchezea maji ufukweni wakati mama anafua kunatosha kumwambukiza. Mwogeshe kwa maji ya bomba. Kama huna ila ya ziwa, yachemshe, au yahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko kwa siku mbili kabla ya kuyatumia kuoga. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa ya kichocho itolewe kuanzia umri wa miaka miwili, kwa hiyo ukiwa kliniki uliza.

Mambo haya hayawezi kuwa ya mama peke yake. Baba akirudi na kujilaza na simu, mtoto anajifunza. Shangazi akija na kumtuliza kwa simu yake, umerudi mwanzo. Kaeni wote mkubaliane, naye dada wa kazi awepo. Ukimwachia afue, adeki, apike na alee peke yake, atampa mtoto simu, na usimlaumu. Mpunguzie kazi, mpe mpira, na umwambie wazi kwamba kucheza na mtoto uani ni sehemu ya kazi yake. Unapotafuta kituo cha kulelea watoto mchana, angalia kwanza kama kina uwanja salama na kama kimesajiliwa. Kituo kinachowapanga watoto mbele ya televisheni kutwa hakikufai. Serikali ilipozindua mwezi Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliweka malezi yenye mwitikio pamoja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali na ulinzi. Mwitikio ni mtu, si skrini.

Sisemi simu itupwe. Baba aliyeko Ukerewe akipiga simu ya video na mtoto akaongea naye, hayo ni mazungumzo. Kipindi kama Akili and Me, kinachotengenezwa Dar es Salaam kwa ajili ya watoto wadogo, kinafaa ukikaa naye, mkaimba na kuhesabu pamoja, kisha mkazima ndani ya ile saa yenu moja.

Na jambo la mwisho. Mtoto akifika miaka miwili haunganishi maneno mawili, haitiki jina lake, au haonyeshi kitu kwa kidole, usiseme ni simu tu, ataacha. Chukua kadi yake ya kliniki umpeleke akaangaliwe mapema.

Mdogo wangu wa Buhongwa, na wengine wote, msibadilishe kila kitu kwa siku moja. Anza na chakula cha jioni leo. Kikishakaa sawa, nenda kwenye usiku, kisha kwenye mapishi. Atalia, na wewe utachoka, lakini shikilia. Mtoto wako anahitaji miguu yake, sauti yako na uani palipo wazi, na vyote hivyo unavyo tayari.