Kuongeza Kasi ya Modemu Penye Mtandao Dhaifu

Maombi ya leseni ya biashara katika halmashauri hupitia mfumo wa TAUSI, na maombi ya mikopo ya elimu ya juu nayo hutumwa kwa mtandao. Kwa mkazi wa Geita au Kahama anayeishi mbali na mnara, modemu inayosuasua yaweza kumkosesha haki yake siku ya mwisho.

Jambo la kwanza ni mawimbi. Bati na kuta nene huyadhoofisha. Hivyo modemu iwekwe dirishani, upande unaoelekea mnara, kwa kutumia waya wa USB usiozidi mita 5.

Jambo la pili ni mzigo. Picha ya cheti yenye megabaiti 2, kwa kasi ya kilobiti 100 kwa sekunde, huchukua sekunde 160 kutumwa. Ikipunguzwa hadi kilobaiti 200, mradi maandishi yasomeke, huchukua sekunde 16 tu. Programu zinazojisasisha zenyewe zisimamishwe kwanza.

Aidha, mnara mmoja huhudumia simu nyingi kwa pamoja. Mwombaji atume nyaraka zake alfajiri, watumiaji wakiwa wachache, na siku kadhaa kabla ya dirisha la maombi kufungwa.