Jino Likiuma: Tutasaidiaje Shirika la Afya ya Meno?



Msimu uliopita, katika kijiji kimoja cha milimani hapa Gairo, mwenzetu mmoja alikosa darasa wiki mbili. Jino la nyuma lilimuuma. Shavu lilivimba, ugali haukulika, shamba likasongwa na majani. Zahanati ipo, na tabibu yupo, lakini hakufundishwa kung'oa jino. Jirani akaja na koleo la fundi. Afadhali mwenzetu alikataa! Jino lililooza hutunga usaha. Usaha ukishuka shingoni, mtu anaweza kufa.

Mzee mmoja akatuuliza darasani: "Sasa mwalimu, hakuna watu wa kutusaidia?"

Wapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la hiari liitwalo Bridge2Aid lilianza kazi Mwanza. Maana ya jina lake ni daraja la kufikisha msaada. Madaktari wa meno kutoka Uingereza walikuja kwa kujitolea. Hawakuja kung'oa meno na kuondoka tu. Waliwafundisha matabibu wa vijijini kuchoma sindano ya ganzi na kung'oa jino kwa usalama. Mgeni akirudi kwao, ujuzi unabaki zahanati. Sisi tunaona hapo ndipo penye faida.

Wengi hudhani kusaidia shirika ni kutoa pesa basi. Siyo. Shirika la namna hii hufanya kazi pamoja na Serikali, nalo linahitaji kujua shida iko wapi. Nani atasema, kama si sisi? Chukueni daftari moja. Kila anayerudi bila kutibiwa jino, andikeni tarehe, umri, kitongoji chake na siku alizokosa kazi. Jina msiandike, maana ugonjwa ni siri ya mtu. Baada ya miezi 3 jumlisheni. Pelekeni hesabu hiyo kwenye kamati ya zahanati, na ofisi ya kijiji iifikishe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Maneno ya barazani husahauliwa, lakini daftari litafunguliwa tena.

Mafunzo yakipatikana, kuna kazi nyingine. Tabibu hajifunzi kwa kutazama picha: lazima wenye meno mabovu wafike. Wapigieni mbiu vitongoji vyote, na wa mbali wapeni mahali pa kulala. Vyombo vya kung'olea lazima visafishwe kwa mvuke mkali kila baada ya mgonjwa, la sivyo maradhi yatahama kutoka mdomo hadi mdomo. Kwa hiyo maji na mkaa ni msaada mkubwa kabisa.

Na pesa? Zipo pia. Kaya 60 zikitoa shilingi 500 kila moja, ni shilingi 30,000. Lakini ulizeni kwanza tabibu kinachopungua, glovu au dawa ya ganzi. Mtoaji apewe risiti. Zamani tuliweka dole gumba bila kujua tulichokubali. Sasa someni kiasi kilichoandikwa kabla ya kuiweka mfukoni. Akija mtu kuchangisha kwa jina la shirika bila barua ya ofisi ya kijiji, msimpe hata senti.

Kazi ya kikundi: Kaya 45 zikitoa shilingi 400 kila moja, zitapatikana shilingi ngapi? Na kijijini kwenu, mtu wa mwisho kuumwa jino alikwenda wapi, na alitumia nauli kiasi gani?