Kinga ya Meno na Namna Inavyotengenezwa

Jino la ukubwani likishang'oka halioti tena. Kwa sababu hiyo wapiganaji wa ngumi, na wachezaji wa raga na hoki, huvaa kinga ya meno. Yapata mwaka 1890 huko London, Woolf Krause, daktari wa meno, aliwawekea wapiganaji wa ngumi vipande vya gutapacha, yaani utomvu mgumu wa mti. Siku hizi hutumika plastiki laini. Lakini kinga zote si sawa, maana nguvu yake hutegemea namna ilivyotengenezwa.

Aina ya kwanza hutoka kiwandani tayari kuvaliwa. Bei yake ni ndogo, walakini haikupimwa kwa kinywa cha mtu ye yote. Hulegea, na mvaaji hana budi kuishika kwa kuuma meno. Hivyo kusema na kupumua humwia vigumu.

Aina ya pili hutiwa katika maji ya moto hata ilainike, kisha huumwa ili ifuate umbo la meno. Hukaa vema kuliko ya kwanza. Lakini mtu akiuma kwa nguvu mno, plastiki hukimbilia pembeni na kubaki nyembamba.

Aina ya tatu hutengenezwa na daktari. Huchukua chapa ya meno, akaimimina plasta, akapata mfano wa kinywa. Bamba la plastiki hupashwa moto, likavutwa juu ya mfano kwa mashine inyonyayo hewa. Hapa pia pana hatari. Kama unga wa chapati uvutwavyo, bamba hupungua unene, hasa penye meno ya mbele, napo ndipo pigo huangukia. Bamba la milimita 4 halitoki na milimita 4. Mfano ukiwa mrefu, hupungua zaidi. Kwa hiyo fundi hodari hufupisha mfano, au hugandamiza mabamba mawili pamoja kwa nguvu ya hewa, ili unene usipotee.

Basi mzazi au mwalimu asitazame bei tu. Na aibonyeze kinga kwa vidole pale mbele. Ikiwa nyembamba au imepasuka, ibadilishwe. Mtoto ambaye meno yake yangali yakiota apimwe tena. Wala kinga isiachwe juani, kwa maana joto lililoiumba ndilo litakaloiharibu.