Kwenda Mahakamani Bila Wakili: Msaada Hutafutwa Mapema

Wakazi wengi wa Miritini, Mombasa, wenye madai halali hunyamaza kwa kuamini kwamba asiye na wakili hana kesi. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 48 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaitaka Serikali ihakikishe kila mtu anapata haki, na ada, ikiwa ipo, isimzuie. Kifungu cha 159 nacho kinazitaka mahakama zitende haki bila kushikilia mno ufundi wa taratibu. Mlango uko wazi. Kinachowaangusha wengi ni kutafuta msaada siku ya kusikilizwa kesi, ilhali msaada wenye manufaa hutafutwa kabla kesi haijasajiliwa.

Chukua mfano wa fundi wa kuchomelea aliyetengeneza mageti, akalipwa nusu, na sasa anadai Sh90,000. Deni hilo ni la Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na ambayo sasa husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000. Sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu dai kuwasilishwa, na kanuni za ushahidi hazifuatwi kwa ukali wa mahakama nyingine. Lakini kasi hiyo humfaa aliyejiandaa. Fundi anapaswa kuwa na maandishi ya makubaliano, hata kama ni ujumbe wa simu; taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo ya kwanza; picha za mageti yaliyokwisha kufungwa; nakala ya barua ya kudai malipo; na shahidi aliyekuwapo kazi ilipokabidhiwa. Avipange kwa tarehe, kila karatasi ijibu swali moja: tulikubaliana nini, nilifanya nini, nimelipwa kiasi gani.

Kugonga mlango usio wako ni hasara nyingine. Kibarua wa yadi ya makontena anayedai mshahara hawezi kwenda Mahakama ya Madai Madogo, kwa kuwa migogoro ya ajira imeondolewa humo. Aanzie ofisi ya leba, au afuate njia ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo Mombasa. Muda pia haumsubiri: kwa kawaida dai la ajira lina miaka 3, la mkataba wa biashara miaka 6. Anayekuja akiwa amechelewa hawezi kuokolewa na karani wala wakili.

Msaada upo wapi? Makarani wa masjala hueleza fomu, ada na tarehe, ila hawawezi kukushauri useme nini ili ushinde, kwa sababu wanahudumia pande zote mbili. Ushauri wa aina hiyo utafute kwa Kituo cha Sheria, shirika lililoanza 1973 na lenye ofisi Mombasa. Au kwa FIDA, shirika la mawakili wanawake, hasa ukiwa mwanamke. Au kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Usimpe fedha mtu wa nje ya mahakama anayeahidi kukufanyia mpango.

Wapo watakaosema mwenye wakili atamshinda tu asiye naye. Ni kweli wakili ana uzoefu, na tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo, maswali yake hayawezi kufuta malipo yaliyoandikwa wala sahihi iliyowekwa. Tena, rufaa kutoka Mahakama ya Madai Madogo huenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria pekee. Ushahidi uliouacha nyumbani hutapata nafasi ya kuuleta huko, kwa hiyo maandalizi ya mwanzo ndiyo kinga yako kuu.

Wengine watauliza: je, kila mtu ajitetee mwenyewe? La. Anayeshtakiwa kwa jinai nzito anahitaji wakili, na Kifungu cha 50 kinampa haki ya kupewa mmoja kwa gharama ya Serikali pale ambapo bila wakili angedhulumika pakubwa. Aiombe haki hiyo mapema, mbele ya hakimu au jaji. Mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama pia ana haki ya mkalimani bila malipo. Kwa madai ya kawaida ya fedha, anza leo: kusanya karatasi zako, hesabu muda uliobaki, kisha upate ushauri kabla hujalipa ada ya kusajili kesi.