Njia Mbovu Huchafua Maji na Kuvunja Mifupa



Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji. Kila masika naletewa watu walioanguka na baiskeli. Mmoja amechubuka magoti. Mwingine amevunjika mfupa wa mtulinga.

Masika moja usiku aliletwa mama mjamzito. Mumewe alikuwa amempakia kwenye baiskeli. Njiani walitumbukia katika korongo. Tulishukuru kwamba mama alijifungua salama. Mume alipasuka juu ya jicho. Nilipokuwa nikimshona nilimwuliza, "Ndugu, korongo hilo lilianza lini?" Akanijibu, "Mwaka juzi, Daktari. Lilikuwa alama ya gurudumu tu."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike somo la leo. Alama ya gurudumu huwezaje kuwa korongo? Na nani alitengeneze? Nitakupa mfano wa mbali kidogo. Ni mfano wa waendesha baiskeli wa Marekani. Walilaumiwa kwamba wanaharibu njia za mlimani. Baadaye walikaa na viongozi, wakashika majembe.

MLIMA UNAOWAPA WATU MAJI

Katika jimbo la California, kaskazini ya mji wa San Francisco, kuna mlima uitwao Tamalpais. Una urefu wa mita 784 hivi. Ni mfupi kuliko milima yetu mikubwa. Lakini watu wa wilaya ya Marin wanautegemea sana, kwa sababu ndio chanzo cha maji yao. Mvua ikinyesha, maji huteremka hadi kwenye mabwawa matano yaliyo miguuni pa mlima huo. Shirika la maji la huko lilianzishwa mwaka 1912.

Watu pia huenda mlimani kupumzika. Wengine hutembea kwa miguu. Wengine hupanda farasi. Wote hupita katika njia zile zile.

BAISKELI ZINAPANDA MLIMA

Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin walianza kupeleka baiskeli milimani. Walichukua baiskeli za zamani, nzito, zenye matairi manene. Walizipandisha, kisha wakateremka kwa kasi.

Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya mashindano katika mteremko mkali ulio karibu na Tamalpais. Mteremko huo una urefu wa zaidi ya kilomita 3. Breki za baiskeli hizo zilikuwa ndani ya gurudumu la nyuma. Zilipata moto hata grisi ikaungua na kutoa moshi. Baada ya kila safari ilibidi kutia grisi mpya. Kwa hiyo mteremko uliitwa Repack, maana yake kujaza tena.

Kutokana na michezo hiyo mafundi walianza kuunda baiskeli maalumu za milimani. Katika miaka ya 1980 baiskeli hizo zilienea.

UGOMVI UNAANZA

Watembea kwa miguu walianza kulalamika. Mzee anatembea taratibu, mara baiskeli inatokea kwenye kona. Farasi anashtuka na kumwangusha mpandaji.

Tena kulikuwa na shauri la udongo. Mtu akibana breki kwa nguvu, gurudumu halizunguki tena. Linaburuzika na kuchimba mfereji. Mvua ikija, maji hufuata mfereji huo. Maji yanayokimbia yana nguvu ya kubeba udongo. Mfereji unakuwa mtaro. Mtaro unakuwa korongo.

Udongo huo huenda wapi? Huenda mtoni na bwawani. Hapo, ndugu msomaji, ndipo shauri la njia linapokuwa shauri la afya. Bwawa likijaa tope, maji hupungua. Maji yenye tope ni magumu kuyasafisha. Dawa ya kuua vijidudu haifanyi kazi vizuri ndani yake, maana vijidudu hujificha katika chembe za udongo. Hata samaki huumia. Katika kijito cha Lagunitas, kinachotoka mlimani huko, samoni hutaga mayai katikati ya kokoto. Tope likifunika kokoto, mayai hukosa hewa.

Viongozi wa Marin walikataza baiskeli katika njia nyingi nyembamba. Waliziruhusu katika barabara pana za magari ya kuzima moto. Waliweka mwendo usiozidi kilomita 24 kwa saa. Kwenye kona, au unapompita mtu, usizidi kilomita 8. Walinzi walisimama mlimani na mashine za kupima mwendo.

WANAKAA KUZUNGUMZA

Waendesha baiskeli wangeweza kugombana tu, au kupita kwa siri usiku. Wako waliofanya hivyo, na walizidi kuchukiwa. Lakini wengine waliona njia bora zaidi.

Mwaka 1988 vyama vya waendesha baiskeli vya California viliungana. Viliunda chama kikubwa kiitwacho IMBA. Chama kiliwafundisha wanachama kanuni. Nitazieleza kwa maneno yangu:

1. Pita katika njia iliyoruhusiwa tu.
2. Usipite katika njia yenye matope laini. Ngoja ikauke.
3. Iongoze baiskeli yako, isikuongoze wewe.
4. Mpishe anayetembea kwa miguu na aliyepanda farasi.
5. Usiwashtue wanyama.
6. Jiandae kabla ya safari.

Mwaka 1994 IMBA ilikutana na chama kikubwa cha watunza mazingira kiitwacho Sierra Club, katika mji wa Park City, jimbo la Utah. Vyama hivyo vilikuwa vimebishana sana. Safari hii vilikubaliana kwamba baiskeli zina haki ya kutumia njia, mradi mazingira na watu wengine wasidhurike.

Mwaka huo huo ulichapishwa utafiti uliofanywa katika jimbo la Montana. Wataalamu walipitisha watu, farasi, pikipiki na baiskeli katika njia za mlimani. Katika njia zilizolowa, kwato na miguu vililegeza udongo mwingi kuliko magurudumu. Basi kila anayepita njiani ana sehemu yake ya lawama. Kila mmoja ana sehemu yake ya kazi pia.

Leo, katika hifadhi zilizo mashariki ya ghuba ya San Francisco, wako waendesha baiskeli wanaojitolea kufanya doria. Huwaeleza wageni kanuni. Huwapa walinzi habari za njia iliyoharibika. Mahali pengi vyama vya baiskeli hupanga siku za kazi pamoja na walinzi.

Ugomvi haujaisha wote. Mpaka leo watu wa Marin wanabishana ni njia zipi baiskeli ziruhusiwe. Lakini wanaobishana mkutanini hawavunjani mifupa mlimani.

NJIA HUTENGENEZWAJE?

Adui mkubwa wa njia ni maji yanayokaa ndani yake. Kwa hiyo kazi yote ni kuyatoa maji upesi. Wajenzi wa njia za mlimani hufuata mambo haya:

Kwanza, njia isishuke moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Ipite ubavuni mwa mlima. Kwa kila mita 10 za kwenda mbele, isipande zaidi ya mita 1.

Pili, ukingo wa bondeni uwe chini kidogo kuliko ukingo wa mlimani. Njia yenye upana wa mita 1 ilale kwa sentimita 5 hivi. Maji yatavuka njia na kwenda zake majanini.

Tatu, mahali pengine njia ishuke kidogo kisha ipande tena. Maji yakifika kwenye kibonde hicho, hutoka nje.

Nne, njia ya mkato izibwe kwa matawi na mawe. Majani yaachwe yaote tena.

Vifaa vyao ni majembe, sululu na reki. Lakini hakuna anayechimba bila ruhusa ya viongozi. Wako waliochimba njia za siri porini. Njia hizo zilileta mmomonyoko mpya, na walinzi walilazimika kuzifunga.

MTU AKIANGUKA

Hata njia nzuri haizuii kila ajali. Kumbuka haya:

Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji safi mengi. Usipake udongo wala kinyesi cha ng'ombe, maana huleta pepopunda. Nenda zahanati ukaulize kuhusu sindano ya kuzuia pepopunda.

Mfupa wa mtulinga ukivunjika, funga mkono kifuani kwa khanga, kisha nenda zahanati.

Aliyeumia kichwa akitapika, akisinzia au akichanganyikiwa, mpeleke kwa mganga mara moja. Usingoje asubuhi.

Aliyeumia shingo au mgongo asikalishwe, wala asipakiwe kwenye baiskeli. Watu kadhaa wamwinue pamoja, kichwa na mwili vikiwa vimenyooka, na kumlaza juu ya ubao.

NA WEWE JE?

Pengine kijiji chako hakina hifadhi wala watalii wa baiskeli. Lakini kina njia ya kwenda zahanati, na kina kisima au kijito. Njia ikimomonyoka mlimani, tope lake huingia katika ndoo yako.

Tembea njia hiyo siku ya mvua. Tazama maji yanapita wapi. Kisha peleka habari katika mkutano wa kijiji. Ombeni viongozi wapange siku ya kazi. Wenye baiskeli wawe wa kwanza kushika majembe, kwa sababu wao ndio wanaoanguka kwanza.

Yule ndugu niliyemshona alirudi baada ya siku saba kutolewa nyuzi. Aliniambia kwamba mwenyekiti amekubali, na kwamba wao wenye baiskeli watafukia korongo na kuchimba mahali pa kutolea maji. Kovu lake halitafutika. Korongo linaweza kuzibwa.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini gurudumu linaloburuzika huharibu njia?
2. Tope huingiaje katika maji ya kunywa, na lina hatari gani?
3. Waendesha baiskeli wa California walipata faida gani kwa kushirikiana na viongozi?
4. Katika kijiji chenu, ni njia gani inayohitaji kutengenezwa kabla ya masika?

MANENO YA KUJIFUNZA

Mmomonyoko: kuchukuliwa kwa udongo na maji au upepo.
Mtulinga: mfupa ulio kati ya bega na kifua.
Doria: kuzunguka mahali ili kupalinda.