Ukijitolea Kwenye Ngoma za Masika Ifakara

Bonde la Kilombero hupata mvua kuanzia Novemba au Desemba hadi Mei, na masika hukolea Machi na Aprili. Sikukuu ya Muungano, Aprili 26, na Mei Mosi zinaangukia humo humo. Kwa hiyo ukijitolea kusaidia siku ya ngoma, kwaya na maigizo mjini Ifakara, usikae kuombea jua. Panga kazi kama vile mvua imeshaanza.

Ngoma zetu hazimtengi mchezaji na mtazamaji. Ngoma ikikolea, bibi aliyekuwa amekaa pembeni hufunga khanga kiunoni akaingia. Anayejitolea yupo pale ili bibi huyo aingie bila kuteleza.

Basi anza na uwanja, siku moja kabla. Chagueni mahali palipoinuka, mbali na mto Lumemo, ambao ukivimba humwaga maji hadi mitaani. Chimbeni mifereji ya kutoa maji, kisha mmwage mchanga pale patakapochezwa.

Ngoma zenyewe zinataka uangalizi wa pekee. Ngozi ikilowa hulegea, sauti inakufa, na ukiendelea kuipiga inaweza kuchanika. Funika kila ngoma kwa nailoni mara mawingu yanapojikusanya. Usingoje tone la kwanza. Tafuta mapema banda la bati lililo wazi pembeni, na uweke kuni kavu, kwa sababu wapigaji watahitaji moto wa kukazia ngozi. Wazee wao wanajua umbali unaofaa kutoka kwenye moto. Wewe lete kuni na uwasikilize.

Radi haina mjadala. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, onyesho lisimame, watu waingie kwenye jengo imara, kama darasa au ukumbi. Mwembe si kinga, wala turubai lenye nguzo za chuma. Rudini uwanjani dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Watu watanung'unika, hasa kama mvua yenyewe haijafika, msiwasikilize. Ndiyo maana jina la mwenye mamlaka ya kusimamisha litajwe asubuhi, kila mmoja wenu alijue.

Jenereta iwe nje, juu ya kichanja na chini ya paa, mbali na watu, kamwe si ndani ya chumba, maana moshi wake unaua. Maungio ya waya yasiguse ardhi. Maji yakifika kwenye spika, mwiteni fundi azime umeme kabla mtu hajagusa chochote.

Jioni vaa mikono mirefu na ujipake dawa ya mbu. Utafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara umeonyesha kwamba mbu wa malaria bondeni huuma nje pia, si ndani tu. Ukipata homa siku zinazofuata, nenda ukapime.

Watoto wapewe mtu wao mmoja asiye na kazi nyingine. Mtoni na kwenye madimbwi ndiko wanakokimbilia.

Ofisi ya serikali ya mtaa na afisa utamaduni wa halmashauri wako karibu nawe. Nenda mapema, ujiandikishe, na uwaambie uko tayari kubeba maturubai.