MISHAHARA NA POSHO ZA WABUNGE: TUZIPIME KWA KIPIMO GANI?

Jioni moja, baada ya somo la kuandika, ulizuka ubishi darasani. Mzee mmoja alikuwa amesikia redioni habari za mshahara wa mbunge wa Uingereza. Akasema, "Jamani, wenzetu wanalipwa mamilioni! Wabunge wetu wanaonewa." Kijana aliyekaa karibu na mlango akadakia, "Wanaonewa? Hao ndio wanaotumaliza." Wakabishana mpaka taa ikaanza kufifia. Kisha mama mmoja, ambaye huuza maandazi sokoni, akauliza kwa upole: "Na huko Uingereza, kibarua analipwa shilingi ngapi?"

Watu wote wakanyamaza.

Swali la mama yule ndilo somo letu la leo. Fedha za kumlipa mbunge ni za wananchi. Zinatoka katika kodi ya sukari, sabuni na mafuta ya taa unayonunua. Kwa hiyo unayo haki ya kuziulizia. Lakini anayeuliza bila kipimo hupewa jibu lolote, akaenda nalo. Soma polepole. Ukikutana na hesabu, chukua kalamu uifanye mwenyewe.

1. KWA NINI MBUNGE ALIPWE?

Wako watu wanaosema, "Uongozi ni utumishi. Mbunge asilipwe kitu." Hebu tuone yaliyotokea mahali ambapo mbunge hakulipwa.

Uingereza ina bunge la miaka mingi sana. Hata hivyo, mpaka mwaka 1911 wabunge wake wa kawaida hawakuwa na mshahara. Matokeo yake ni rahisi kuyaelewa. Mwenye mashamba makubwa au viwanda aliweza kukaa London miezi mingi bila kazi nyingine. Kwa fundi, mchimba makaa ya mawe au mkulima mdogo ilikuwa vigumu sana. Angekwenda bungeni, watoto wake wangekula nini? Kwa hiyo kwa sehemu kubwa matajiri ndio waliotunga sheria, na maskini ndio waliozitii.

Wafanyakazi wa nchi hiyo waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1838 waliandika madai sita makubwa. Moja lilikuwa kwamba wabunge walipwe, ili mtu asiye na mali naye aweze kuchaguliwa. Walisubiri zaidi ya miaka 70. Mwaka 1911 ndipo mbunge alipoanza kulipwa pauni 400 kwa mwaka.

Mfano wa pili uko Marekani, katika jimbo la New Hampshire. Baraza la wawakilishi la jimbo hilo lina wajumbe 400. Kila mmoja hulipwa dola 100 tu kwa mwaka. Kiasi hicho kiliwekwa katika katiba ya jimbo mwaka 1889, na hakikubadilishwa. Mzigo kwa mlipa kodi ni mwepesi. Lakini wengi wa wajumbe hao ni wastaafu au watu wenye kipato kingine. Kijana anayelea watoto hupata taabu kuifanya kazi hiyo.

Basi tunajifunza kwamba mshahara wa mbunge una maana. Unamfungulia mlango mtu wa kawaida. Lakini malipo yakizidi mno, mlango huo huo huwavuta watu wanaofuata fedha, si kazi.

2. MSHAHARA NA POSHO SI KITU KIMOJA

Mshahara ni malipo ya kazi yenyewe. Hutolewa kila mwezi, na kiasi chake hujulikana.

Posho ni fedha za gharama zinazotokana na kazi, kama nauli, chakula na malazi ya safari. Posho ya haki hurudisha kile ambacho kazi imemgharimu mtu. Haikusudiwi kumtajirisha.

Ziko njia mbili za kutoa posho. Njia ya kwanza: mtu hutumia fedha, huleta stakabadhi, kisha hurudishiwa kiasi kile kile. Njia ya pili: hupewa kiasi maalumu kwa siku, atumie asitumie. Njia ya pili haina karatasi nyingi, lakini ina hatari. Mtu anaweza kulala kwa ndugu yake, akala huko, na posho yote ikabaki mfukoni. Hapo posho imegeuka mshahara wa pili.

Njia ya stakabadhi nayo huharibika ikiwa hakuna anayezikagua. Mwaka 2009 gazeti moja la Uingereza lilichapisha madai ya gharama ya wabunge. Wananchi walishangaa. Wabunge wengine walikuwa wakidai riba ya mikopo ya nyumba ambayo ilikwisha kulipwa yote. Mmoja aliomba kulipiwa kibanda cha bata katika bwawa lake, ingawa ombi hilo lilikataliwa. Spika alilazimika kujiuzulu. Wabunge kadhaa walirudisha fedha, na baadhi yao walifungwa jela.

Kwa hiyo ukitajiwa mshahara wa mbunge, usiishie hapo. Uliza pia: "Na posho je?"

3. TUSILINGANISHE TARAKIMU TUPU

Sasa turudi kwa mama wa maandazi. Tarakimu tupu hudanganya, kwa sababu fedha za nchi moja si sawa na za nyingine, na bei za vitu si sawa. Kipimo kizuri ni hiki: chukua mshahara wa mbunge, uugawe kwa kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nchi ile ile. Jibu litakuonyesha mbunge anapata mara ngapi ya anayopata kibarua.

Tazama mifano mitatu.

Uingereza. Mwaka 2024 mshahara wa mbunge ulikuwa pauni 91,346 kwa mwaka. Kima cha chini cha mfanyakazi mtu mzima kilikuwa pauni 11.44 kwa saa. Akifanya kazi saa 40 kwa wiki, kwa wiki 52, atapata karibu pauni 23,795. Gawa. Mbunge anapata karibu mara 4.

Marekani. Tangu mwaka 2009 hadi mwaka 2024, mjumbe wa kawaida wa Bunge la nchi nzima alilipwa dola 174,000 kwa mwaka. Kima cha chini cha nchi nzima katika miaka hiyo kilikuwa dola 7.25 kwa saa, ingawa majimbo mengi yameweka kima cha juu zaidi. Kwa mwaka ni dola 15,080. Gawa. Mbunge anapata zaidi ya mara 11.

Kenya. Mwaka 2013 mshahara wa mbunge ulipangwa kuwa shilingi za Kenya 532,500 kwa mwezi. Mwaka huo huo kima cha chini cha kibarua katika miji mikubwa kilikuwa karibu shilingi 9,780 kwa mwezi. Gawa. Mbunge alipata zaidi ya mara 54.

Umeona? Mbunge wa Uingereza hupokea fedha nyingi zikihesabiwa kwa shilingi zetu. Lakini hayuko mbali sana na kibarua wa nchi yake. Kibarua wa Nairobi alihitaji kufanya kazi zaidi ya miaka 4 ili apate mshahara wa mwezi mmoja wa mbunge wake.

Hata hivyo, tuwe waangalifu. Katika nchi zetu mbunge huombwa michango mingi: misiba, harusi, karo za shule, matibabu. Wabunge husema mshahara huishia huko. Jambo hilo lina ukweli ndani yake, nasi tuna sehemu yetu ya lawama. Tukimfanya mbunge kuwa sanduku la misaada, atatafuta mahali pa kulijaza.

4. NANI ANAPANGA?

Fikiri juu ya mtu aliyeachiwa ufunguo wa ghala, kisha akaambiwa ajipimie mwenyewe. Hata akiwa mwaminifu, majirani watanong'ona. Ndivyo ilivyo pale wabunge wanapojipangia malipo yao. Nchi mbalimbali zimetafuta dawa.

Marekani. Mwaka 1789 ilipendekezwa kwamba badiliko lolote la malipo ya wabunge lisianze kutumika mpaka uchaguzi mwingine upite. Hivyo wananchi hupata nafasi ya kuwahukumu kwa kura. Pendekezo hilo lilisahauliwa kwa miaka mingi. Mwaka 1982 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Texas aliandika insha kulihusu, akapata alama ya wastani tu. Hakukata tamaa. Aliandika barua kwa mabunge ya majimbo, moja baada ya jingine. Mwaka 1992 pendekezo likawa sehemu ya katiba, baada ya zaidi ya miaka 200. Kumbe barua ya mtu mmoja ina nguvu!

Uingereza. Baada ya aibu ya mwaka 2009, wabunge waliondolewa kazi ya kusimamia gharama zao. Kiliundwa chombo huru ambacho sasa hupanga mshahara, hukagua madai na kuyatangaza, ili mwananchi yeyote aone.

Kenya. Katiba ya mwaka 2010 iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu. Mwaka 2013 tume hiyo iliteremsha mshahara wa mbunge kutoka shilingi 851,000 hadi 532,500. Wabunge walikataa. Wananchi waliandamana mpaka mlango wa Bunge, wakaleta na nguruwe kuonyesha uroho. Mwishoni wabunge walikubali mshahara mdogo, lakini wakapata shilingi milioni 5 kila mmoja za kununulia gari. Angalia vizuri: mshahara ulishuka kwa mlango wa mbele, marupurupu yakaingia kwa mlango wa nyuma. Baadaye wabunge walianza kupokea posho ya nyumba ya shilingi 250,000 kwa mwezi bila idhini ya tume. Mwaka 2020 mahakama iliamua kwamba posho hiyo ilikuwa kinyume cha sheria.

5. HAPA KWETU TANZANIA

Katiba yetu inasema wabunge watalipwa mshahara, posho na malipo mengine kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge.

Mjadala huu si mgeni kwetu. Mwaka 1966 Mwalimu Nyerere alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilisema kiongozi asiwe na mishahara miwili au zaidi. Masharti hayo ya uongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991.

Mwaka 2011 kulikuwa na ubishi mkubwa juu ya posho ya kikao, iliyotakiwa kupanda kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000. Waliotetea walisema maisha ya Dodoma yamepanda. Waliopinga, akiwamo mbunge Zitto Kabwe, walisema kukaa kikaoni ndiyo kazi ya mbunge, na kazi hiyo ina mshahara tayari.

Mwaka 2014 wajumbe wa Bunge Maalumu la Katiba walipewa shilingi 300,000 kwa siku. Baadhi yao walisema hazitoshi. Wakati huo kima cha chini serikalini kilikuwa shilingi 240,000 kwa mwezi. Pima mwenyewe: siku moja ya mjumbe ilizidi mwezi mzima wa mfanyakazi wa chini.

6. TUANZIE NYUMBANI

Ndugu msomaji, usidhani somo hili ni la Dodoma tu. Kijiji chetu nacho kina fedha. Wajumbe wakienda semina wilayani, hupewa nauli na posho. Katika mkutano mkuu wa kijiji, mapato na matumizi husomwa. Je, huwa unasikiliza, au unasubiri kupiga makofi uende zako?

Yashike maswali haya manne. Yanafaa kwa mbunge, yanafaa pia kwa mjumbe wa kijiji:

(a) Mshahara ni kiasi gani, na posho ni kiasi gani?
(b) Ni mara ngapi ya kipato cha mtu wa kawaida?
(c) Nani alipanga, na anayelipwa alikuwamo katika kupanga?
(d) Stakabadhi ziko wapi, na nani anaruhusiwa kuziona?

Uliza kwa adabu, lakini uliza. Kiongozi mwema hachukii swali la hesabu. Na wewe usiyejua kusoma jana, leo unaweza kuisoma karatasi ya matumizi mwenyewe. Hakuna tena atakayekusomea mistari miwili akaruka wa tatu.

MANENO YA KUJIFUNZA

Posho: fedha za gharama za kazi au safari.
Marupurupu: faida za ziada juu ya mshahara.
Stakabadhi: karatasi ya kuthibitisha kwamba fedha zimelipwa.
Kima cha chini: mshahara mdogo kabisa unaoruhusiwa na sheria.
Riba: fedha za ziada anazolipa mkopaji.

MASWALI

1. Kabla ya mwaka 1911, kwa nini ilikuwa vigumu kwa maskini wa Uingereza kuwa wabunge?
2. Eleza tofauti kati ya mshahara na posho. Toa mfano wa kijijini kwako.
3. Mwaka 2013 mshahara wa mbunge wa Kenya ulishuka kwa shilingi ngapi? Je, wananchi walipata nafuu? Eleza.

HESABU

4. Mjumbe alipewa posho ya shilingi 300,000 kwa siku. Kwa siku 20 alipata shilingi ngapi?
5. Gawa jibu lako kwa 240,000. Hiyo ni mishahara ya miezi mingapi ya mfanyakazi wa kima cha chini?

KAZI YA KIKUNDI

Jigaweni makundi mawili. Kundi la kwanza litetee posho ya kikao, kundi la pili liipinge. Kila msemaji atoe sababu, asitoe matusi. Kisha andikeni pamoja swali moja la matumizi ya fedha. Mchagueni mtu mmoja alisome katika mkutano ujao wa kijiji. Ingefaa awe mtu ambaye hajawahi kusimama kusema mbele ya mkutano.